Ukurasa Wako Ukutambulishe Wewe

Ndugu wanakamati, mfadhili anayetaka kuchangia kisima Pangani au zahanati Muheza huanza kwa kutafuta jina la mratibu kwenye intaneti. Asipokuona, tapeli aweza kufungua ukurasa kwa jina lako na kupokea mchango. Akiukuta wako, ana pa kulinganisha. Basi weka jina kamili, picha yako, parokia, wadhifa na simu ya ofisi. Namba ya akaunti itolewe na ofisi tu. Picha za watoto zisiwekwe bila ridhaa ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Ukiacha wadhifa, rekebisha ukurasa siku hiyohiyo. Jina ni amana.