Daftari Kabla ya Fimbo: Malezi ya Kila Siku ya Mtoto Mwenye Usonji na Mtoto Mkaidi

Mada hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu humu ndani kuna Walugbara, Wakakwa, Wanubi na ndugu zetu wa upande wa Kongo, na sokoni sisi sote tunaelewana kwa lugha hii.

Nitazungumzia watoto wa namna mbili ambao huku kwetu hubandikwa jina moja, kichwa ngumu, na hupewa dawa moja, fimbo. Yupo mtoto mkaidi kwa hulka: anakusikia, anakuelewa, ila ana lake. Na yupo mwenye usonji, ambao hospitalini wengi huuita autizimu. Huyu ubongo wake hupokea sauti, mwanga, maneno na mabadiliko kwa namna nyingine, na siku vikimzidi hulipuka. Ukitazama kwa mbali, wote wawili wamelala chini wanapiga mateke. Ukitaka kuwatofautisha, angalia kilichotangulia. Ndiyo maana nimekuja na daftari la shule la kawaida kabisa.

Hapa hospitali ya Kuluva habari ya daftari si ngeni. Mwaka 1961 Dakta Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alifunga safari ya wiki 10 na maili kama 10,000 kwa gari hadi kusini mwa Afrika. Alitaka kujua uvimbe wa saratani uliokuwa ukiota kwenye mataya ya watoto unapatikana wapi na unaishia wapi. Mmoja wa wenzake wawili garini alikuwa Dakta Ted Williams wa hospitali hii. Williams alikuwa mtu wa kuandika wagonjwa wake kwa makini, na kumbukumbu za Kuluva zilikuja kuwafaa watafiti kwa miaka mingi. Taarifa zilipokusanywa na kuwekwa kwenye ramani, ilionekana kwamba ugonjwa ule hufuata joto na mvua. Mgonjwa mmoja peke yake asingeweza kumwonyesha daktari jambo hilo.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Kisirani kimoja hakikwambii kitu. Visirani kumi vilivyoandikwa vinaanza kusema. Chora safu tatu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, sisi tukafanya nini. Andika kwa lugha yoyote, hata kwa alama.

Nitatoa mfano wa mvulana wa miaka 8 wa upande wa Koboko. Haongei sana, lakini akiona lori la mizigo mara moja tu, namba yake haimtoki kichwani. Shuleni alikuwa anatoroka, anakimbilia barabarani, na akirudi nyumbani anachapwa. Mama yake alipoanza kuandika, safu ya kwanza ilijaa saa zilezile: saa mbili asubuhi, saa nne na nusu, saa saba. Ikatokea siku moja hakutoroka kabisa. Mama akaenda kuuliza, akaambiwa siku ile mwalimu wa zamu hakuwepo na kengele haikupigwa. Na kengele yenyewe mnaijua: rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe, inagongwa kwa kipande cha nondo, na darasa la mtoto lilikuwa hatua chache kutoka mti ule. Kwetu sisi ni kelele ya kawaida. Kwake ilikuwa maumivu.

Mwalimu akaanza kumnong'oneza kabla ya kengele. Ilisaidia kidogo. Baadaye akampa nondo, akamwambia, "Leo utagonga wewe." Sauti anayoijua itakuja lini, tena inayotoka mkononi mwake mwenyewe, aliistahimili. Sisemi kwamba alipona, wala usonji si homa ya kupona kwa wiki. Zipo siku bado anakimbia, hasa baada ya usiku mbaya. Lakini fimbo zote alizopigwa hazikuweza kumwambia mtu yeyote habari ya rimu ile.

Sasa linganisha na mkaidi. Huyu akilia dukani kwa ajili ya biskuti, hukutupia jicho kuona kama unamtazama, na ukimpa biskuti kilio kinakatika. Aliyezidiwa hata umpe duka zima hanyamazi. Hajali nani anamtazama, na akitulia huwa amechoka hoi. Aliyezidiwa umtoe kwenye kelele, upunguze maneno, ukae karibu naye. Wakati ule si wa mafundisho. Mkaidi yeye anataka mipaka michache isiyoyumba, na nafasi ya kuamua ndani ya mipaka hiyo. "Utateka maji kabla ya kuoga au baada ya kuoga?" Jerikani itajaa tu, lakini uamuzi umekuwa wake. Usimpigie kelele ukiwa jikoni; msogelee, sema mara moja, ngoja. Akitii, mwambie umeona. Sisi wazazi wa huku ni wepisi wa kukemea na wazito wa kusifu, tukidhani sifa zitamharibu. Na nikiri ukweli wa mambo: mtoto mmoja anaweza kuwa na usonji na ukaidi pia, siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana.

Najua kuna atakayesimama kusema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo imegeuka rungu la kumpigia mama. Mtoto hatazami watu usoni: mama hakumlea. Hajasema hadi miaka minne: mama amelogwa, au amekula kitu cha watu. Wala tusidhani ujinga huu ni wa Afrika peke yake. Dakta Leo Kanner alieleza hali hii huko Baltimore mwaka 1943 kwa kuandika habari za watoto 11, na kwa miaka iliyofuata mabingwa wa Marekani waliwatwika akina mama lawama kwamba ubaridi wao ndio uliowafunga watoto. Bruno Bettelheim alilitangaza wazo hilo katika kitabu cha mwaka 1967, ingawa Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshalipinga kwa hoja tangu 1964. Malezi hayaleti usonji. Yanaweza tu kuifanya siku ya mtoto iwe nyepesi au nzito.

Walimu, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Shule yenye watoto 1,000 ingetarajiwa kuwa na kama 8. Kama huwaoni, ama wamefichwa nyumbani, ama wamekaa nyuma wakiitwa wajinga. Na viboko shuleni vimepigwa marufuku na marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Watoto ya Uganda, jambo ambalo shule nyingi bado zinajifanya hazijalisikia.

Mambo mengine nayapitia haraka. Mtoto asiyesema apimwe masikio kwanza. Akiwa na kifafa pamoja na usonji, maombi yaendelee, lakini vidonge visikatizwe. Mkiambiwa muache Kilugbara au Kikakwa ili mtoto aseme Kiingereza tu, msikubali: lugha mbili au tatu nyumbani hazileti usonji, na mtoto anahitaji lugha ya bibi yake. Akila enyasa, yaani ugali, ya muhogo mtupu na kuikataa yenye mtama, usimshindishe njaa. Mwekee kipande kidogo cha kigeni pembeni, asilazimishwe. Mwenye tabia ya kutangatanga, watu wa bodaboda wa steji yenu na mwenyekiti wa kijiji wamjue kwa sura, kwa sababu Koboko mpaka hauko mbali na mtoto asiyejibu jina lake hawezi kujieleza kwa askari.

Kampala ni karibu kilomita 500 kutoka hapa, na wataalamu wengi wako huko. Dakta Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walitoa mwaka 2014 orodha ya maswali 23 iliyorekebishwa kwa ajili ya Uganda, itumike kuwabaini watoto wanaohitaji kuchunguzwa. Ukibahatika kumwona daktari, huenda atakuwa nawe dakika chache tu, na mtoto siku hiyo atatulia kama maji mtungini. Daftari la mwezi mmoja litasema yale ambayo wewe utayasahau.

Kabla ya chai madaftari yatagawiwa. Kila mmoja aandike tukio moja la wiki hii, aanze na safu ya kwanza. Asiyeandika akae na anayeandika, amsimulie. Safu ya tatu msiipambe. Kama ulimchapa, andika ulimchapa.