Zamu Isiyopokewa: Anayeuguza Nyumbani na Haki Yake ya Kupumzika



Shangazi yangu alimwuguza bibi yetu kwa miaka 7, Kisauni, baada ya kiharusi kumlaza bibi upande mmoja. Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, alimgeuza asipate vidonda. Alimlisha uji kwa kijiko, akamwogesha, akafua mashuka. Mwaka wa tano jino lake la gego likaanza kumwuma. Alilituliza kwa karafuu. Lilikuja kung'olewa baada ya arubaini ya bibi, taya limekwisha kuvimba, na daktari akamwuliza alikuwa akingoja nini. Shangazi alinyamaza. Kwa miaka miwili hakupata mtu wa kumwachia mgonjwa alasiri moja.

Twasema mgonjwa haulizwi uji. Anayeupika naye haulizwi lolote.

Lugha yetu yenyewe imemsahau. Kuuguza kumezaliwa na kuugua: mmoja anaugua, mwingine anauguza, na vitenzi hivyo viwili viliishi chumba kimoja. Leo ukitaja muuguzi, kila mtu anamwona mwenye sare, cheti, mshahara na likizo ya mwaka. Wa nyumbani hana jina la cheo. Tunasema tu "fulani anauguza", kana kwamba ni hali iliyompata. Usiku huu nitamwita muuguzaji.

Sheria na mipango yetu imemsahau vilevile. Mpango wa fedha kwa watu wenye ulemavu mkubwa ulianza hapa Kenya mwaka 2011, na sasa umo ndani ya Inua Jamii. Naushukuru mpango huo. Nimeona nyumba uliyoizuia isilale njaa. Unamlenga mtu anayehitaji kuangaliwa saa 24. Saa hizo 24 zinatoka kwa nani? Muuguzaji ametajwa, lakini kama mpokeaji wa pesa kwa niaba ya mwingine. Shilingi 2,000 za mwezi ni za mgonjwa, na kwa mgonjwa wa kulala huishia kwenye pampasi kabla mwezi haujafika katikati. Shangazi alikuwa karani katika kampuni moja ya bandarini. Siku aliyoacha kazi alipoteza mshahara, na michango yake ya uzeeni ikakoma siku hiyo hiyo. Angekuwa anauguza leo, bima ya afya ya jamii ingeihesabia kaya yake mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, iwe ana kipato au hana.

Kwa nini kazi kubwa namna hii haionekani? Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa nchini mwaka 2021 ulionyesha kwamba mwanamke hutumia wastani wa kama saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na za malezi zisizolipwa, na mwanamume hafikii saa moja. Kinachofanywa na wanawake ndani ya nyumba huhesabiwa kuwa kingefanywa tu.

Hoja hiyo iliwahi kuandikwa waziwazi katika sheria ya nchi nyingine. Uingereza ilianzisha posho ya wauguzaji mwaka 1976, matunda ya kampeni iliyoanzishwa na mchungaji Mary Webster, aliyeacha huduma ya kanisa mwaka 1954, akiwa na miaka 31, ili awatunze wazazi wake. Lakini wanawake walioolewa walinyimwa posho hiyo: ilidhaniwa wako nyumbani hata hivyo. Jacqueline Drake, mke wa mtu, aliacha kazi amwuguze mama yake, akanyimwa, akashtaki. Mwaka 1986 Mahakama ya Ulaya ikampa ushindi. Ilichukua miaka 10 na kesi moja kubwa kukubaliwa kwamba mke naye ana kitu cha kupoteza.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi kupitia bima yake ya utunzaji, iliyoanza mwaka 1995. Muuguzaji anayetimiza masharti hulipiwa michango ya pensheni, kwa jina lake mwenyewe. Na akihitaji kupumzika, bima hugharimia mtu wa kushika nafasi yake, hadi wiki 8 kwa mwaka. Sisi hatuna mfuko kama huo, wala sitaki kuwadanganya kwamba utapatikana kesho. Ila mfano huo umetenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: riziki ya muuguzaji na pumziko lake. Pesa hainunui usingizi kama hakuna wa kukupokea zamu.

Nilimwuliza shangazi ni nini kingemsaidia. Nilitarajia ataje fedha. Akasema, "Watu wote waliniambia, ukichoka tuite. Mwanangu, nimwite nani saa nane za usiku? Ningemtaka mtu mmoja wa kuniambia, Jumanne nakuja."

Nimefundisha sera za jamii miaka mingi na sijasoma maelezo bora kuliko hayo. Msaada wa kuombwa humwongezea aliyechoka kazi ya kuomba. Wenye siku maalumu humwezesha kupanga kwenda kliniki, kufuatilia kitambulisho, au kulala tu.

Tuna pa kuanzia. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wamepewa kaya za kutembelea nchi nzima. Wanajua mlango gani una mgonjwa wa kulala. Nisingependa wao wabebeshwe zamu hiyo, maana posho yao ni ndogo na mzigo wao mkubwa. Wao waandikishe majina: la mgonjwa, na chini yake la muuguzaji. Kaunti iwafunze na kuwalipa watu wengine wa kumgeuza mgonjwa, kumlisha na kukaa naye, nusu siku kila wiki kwa kila kaya iliyoandikishwa. Michango ya muuguzaji ya bima ya afya na ya uzeeni ilipwe na serikali muda wote anaouguza. Kaunti yetu ianze na wadi mbili, moja ya mjini na moja ya mashambani, na ianze na siku ya Jumanne.