Tusi Kando ya Kitanda: Ukali wa Jamaa wa Mgonjwa na Kazi ya Hospitali



Anayealikwa kuzungumzia afya hapa kwetu Baraka, mashariki mwa Kongo, hutarajiwa aseme juu ya kipindupindu. Kinastahili mhadhara wake, na sisi tunaochota maji ziwa Tanganyika tunakifahamu. Leo nimechagua jambo ambalo halina safu yake kwenye rejista ya wodi: maneno makali ambayo jamaa wa mgonjwa humrushia muuguzi, na madhara ambayo maneno hayo humletea mgonjwa mwenyewe.

Mwaka 2017 jarida la Pediatrics lilichapisha jaribio la Arieh Riskin, daktari wa watoto wachanga nchini Israeli, na wenzake, akiwemo Amir Erez wa Chuo Kikuu cha Florida. Timu 39 za madaktari na wauguzi zilipewa sanamu za watoto wachanga zenye dalili za magonjwa ya hatari, zikaambiwa zitibu. Mbele ya baadhi ya timu, mwigizaji aliyejifanya mama wa mtoto alifoka kwamba afadhali angekwenda hospitali bora, isiyotibu kama Dunia ya Tatu. Hakumgusa mtu. Lakini waliosikia maneno yale walitambua magonjwa vibaya zaidi kuliko wenzao, mikono yao ilikosea zaidi, walipashana habari kidogo. Na hali hiyo haikwisha na mama yule kuondoka. Iliendelea siku nzima, kwa mgonjwa wa pili na wa tatu.

Naomba tutulie hapo kidogo. Wale ni wataalamu wenye umeme, dawa na mashine, na tusi lililotafutwa ili kuwavuruga lilikuwa ni kufananishwa na sisi. Liliniuma nilipolisoma. Kisha nikawaza: ikiwa neno moja linawatikisa wao, je, binti wa zamu ya usiku kwetu, aliye peke yake na wagonjwa wodi nzima, mwenye tochi ya simu mkononi?

Chukueni mtoto mwenye malaria kali. Artesuneti ya sindano hupimwa kwa uzito: mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, aliyezidi hapo miligramu 2.4. Unga huyeyushwa kwanza, huongezwa maji yake, ndipo ipigwe hesabu ya kiasi cha kuvuta. Hatua hizi zinataka akili iliyo mahali pamoja. Aliyetoka kuitwa muuaji mbele ya watu bado anajibizana moyoni. Anasoma mzani huku anasikia sauti ile. Na pale ambapo angemuuliza mwenzake, "Hebu niangalizie," ananyamaza, maana hataki jamaa waone kwamba ana shaka. Siku zinazofuata atakipita kitanda kile haraka haraka. Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu mgonjwa hataijua wala jamaa zake hawataijua.

Kwetu hatuwezi kusema jamaa wakae nje. Ndio wanaopika, wanaofua, wanaomgeuza mgonjwa kitandani, wanaokimbia kutafuta dawa iliyokosekana. Wodi zetu zinasimama kwa mikono yao. Wengine wamevuka ziwa kwa mtumbwi kutoka vijiji vya rasi ya Ubwari. Wengine wameshuka milimani na mama mwenye uchungu juu ya kipoyi, wakipokezana mabegani. Wameuza mbuzi, wamekopa. Wanafika usiku, na neno la kwanza wanaloambiwa ni glavu na seramu za kununua. Hapo ndipo linapotoka lile tusi mnalolijua: "Munamuacha afe juu ya feza!"

Anayeambiwa hivyo hakupanga bei. Wauguzi wengi wa serikali nchini hawamo kwenye orodha ya mishahara, na wanaishi kwa prime, yaani posho, na kwa mgawo wa malipo yaleyale ya wagonjwa. Hivyo maskini wawili wanagombana juu ya fedha ambayo hakuna kati yao anayeitawala. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililokuwa Baraka tangu 2003 na kutibu bila malipo, lilitangaza Desemba 2020 kwamba linafunga sehemu kubwa ya kazi zake katika eneo letu la Fizi, baada ya wafanyakazi wake kushambuliwa na watu wenye silaha. Washambuliaji hao hawakuwa jamaa wa wagonjwa. Lakini ni jamaa wa wagonjwa waliobaki na mzigo wa malipo.

Lipo tusi jingine ambalo sitaki kulipita kwa adabu ya uongo: lile la kabila. Muuguzi anaambiwa si wa hapa, na kwamba mtu wetu anapewa sumu. Katika nchi ambayo ndugu wa majeruhi huingia wodini na bunduki begani, maneno hayo ni hatari, na anayeyasikia hupima mlango uko wapi kabla ya kupima joto la mgonjwa. Wakati wa Ebola huko Kivu ya Kaskazini, uvumi kwamba waganga wanatajirika kwa ugonjwa ulienea kwanza; tarehe 19 Aprili 2019 Dkt. Richard Mouzoko, aliyekuwa akipambana na ugonjwa huo, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali huko Butembo. Sisemi kila tusi huishia huko. Nasema kiongozi wa jamii anayelisikia tusi la kabila wodini akacheka amefanya kosa kubwa.

Haki inataka niseme na upande wa pili. Jamaa nao hutukanwa. Huulizwa mbona mmechelewa, kana kwamba kipoyi kina injini. Na zipo hospitali nchini ambazo huwazuia akina mama waliokwisha kujifungua mpaka deni lilipwe. Anayemzuia mama na kichanga chake hana uso wa kudai heshima.

Tufanye nini? Wapo wanaotaka walinzi zaidi na faini. Mimi nakataa. Mlinzi humtoa mwenye kelele, ila hampi habari ya mgonjwa wake, na kukosa habari ndiko kunakoanzisha kelele. Kwa upande wa wauguzi, jaribio lile la Riskin lilionyesha jambo lenye faida kwetu: waliozoezwa kabla, kwa mchezo wa kompyuta wa kutazama nyuso za hasira na za furaha, walistahimili tusi vizuri, lakini walioambiwa waandike kisa hicho baadaye hawakupata nafuu. Kompyuta hatuna za kutosha, lakini wanafunzi wa uuguzi wanaweza kuigiziana ndugu mkali darasani kabla hawajakutana naye wodini. Na naomba kila hospitali iwe na kanuni hii: aliyetukanwa asipime dawa peke yake kwa saa zilizobaki za zamu. Mwenzake aisome hesabu kwa sauti. Kama yuko peke yake, aitwe mkunga, aitwe wa maabara, yeyote ajuaye kusoma mzani. Bei nazo zibandikwe langoni, kwa Kiswahili na Kibembe, ili muuguzi asiwe yeye wa kuzitangaza usiku wa manane.

Kwenu wazee wa ukoo nina ombi. Mnapokwenda kuzungumza mahari hamwendi wote mkisema kwa pamoja; mnamtanguliza msemaji. Mleteni na hospitalini. Aandikwe mlangoni pamoja na mgonjwa, aambiwe jina la muuguzi wa zamu na saa ya kumwona, asubuhi na jioni. Saa hiyo ikifika muuguzi atoke amkute, aketi naye, hata siku ambayo hana habari mpya ya kumpa.