Ngoma Iliyolegea Haipigwi kwa Nguvu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Mombo)



Nilipopata barua ya kunitaka niseme machache, nilidhani nitaeleza habari za kazi na maendeleo, kama walivyofanya wenzangu walionitangulia. Lakini ndani ya bahasha ile mlikuwa na karatasi ya pili. Ilitoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, kiongozi wa wapiga ngoma wa shule hii. Jina lake sitalitaja. Alinieleza kwa adabu kwamba amepiga ngoma tangu darasa la nne, na kwamba sasa hana hamu nayo tena. Kila akikaa kupiga, mikono inarudia yale yale. Baada ya sherehe za leo atamwomba Mwalimu amwachie. Mwisho akaniuliza: "Je, mzee, nawe yalikupata? Ulifanyaje?"

Ndugu zangu, yalinipata. Nami sikufanya vizuri. Ndiyo sababu nimeona niyaseme mbele yenu wote.

Wale tuliosoma pamoja mtakumbuka kwamba ilipokaribia saa mbili usiku tulikuwa tukijazana penye redio ya bweni. Wengi wetu hatukufuata habari. Tulifuata ngoma za Mzee Morris Nyunyusa. Mzee yule, kipofu, mwenyeji wa kusini mwa nchi yetu, alikuwa akizipanga ngoma nyingi zikamzunguka, kisha akazipiga zote peke yake. Radio Tanzania ikazifanya kuwa ishara ya taarifa ya habari. Nasi tulizifuatisha kwa kupiga madawati na ndoo mpaka mwalimu wa zamu alipotokea mlangoni. Hakuna aliyetuhimiza. Kazi ya mwalimu ilikuwa kutunyamazisha.

Baada ya masomo nilikwenda Tanga. Mji ule ulikuwa umekwisha kutoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kijana mwenye mikono miepesi hakukosa mahali pa kujaribiwa. Nikachukuliwa na bendi moja ya dansi, kwanza kupiga tumba, baadaye drums. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikilala na vijiti chini ya mto. Mwaka wa sita mambo yalikuwa mengine. Tulipiga siku nne kwa juma, nyimbo zile zile, kwa mpangilio ule ule. Mikono ilijua njia yote bila mimi. Niliweza kupiga wimbo mzima huku nikifikiria kodi ya chumba, na watu wakacheza, wala hakuna aliyegundua.

Nimekosea, mmoja aligundua. Alikuwa mpiga gitaa la besi, tuliyesoma naye darasa moja hapa hapa. Usiku mmoja akaniambia: "Bwana, siku hizi unapiga kama karani anayehesabu fedha za watu." Nilikasirika sana. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli.

Sikumwambia yeyote kwamba nimechoka. Ilipofika sikukuu ya Idd, ukumbi umejaa, wenzangu wakiningoja jukwaani, mimi sikwenda. Sikuaga. Walimkalisha kijana mmoja mbeba vyombo ambaye hakupata kupiga usiku mzima maishani mwake. Juma lililofuata nikarudi Mombo na drums zangu juu ya lori, nikazifunika turubai. Zilikaa chini ya turubai miaka miwili. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Hamu ikirudi nitapiga." Nikawa naingoja hamu kama abiria wa stendi yetu anavyongoja basi. Haikupita.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyotokea. Mwezi wa Julai wa mwaka wa pili kulikuwa na harusi ya ndugu yangu huko juu ya Soni. Nikaombwa nichukue tumba moja, nami nikaona haya kukataa. Nilitoka hapa Mombo mchana, jua kali kama mnavyolijua, na tumba ile ya ngozi ukiigusa tu inalia kama kengele. Tukapanda zile kona. Kufika magharibi ukungu umeshuka, baridi inauma, na watu wamejifunika mablanketi. Nikaweka tumba, nikapiga. Bubu! Ngozi ilikuwa imenywa unyevu ikalegea. Nikazidisha nguvu. Ikatoa mlio wa gunia la mahindi. Nikazidisha tena mpaka viganja vikawaka moto.

Mzee mmoja, mghosi mwenye ngoma za pale, akanishika mkono taratibu. Akaniuliza, "Mwanangu, unaipiga kwa kosa gani?" Watu wakacheka. Kisha akasema, "Ngoma iliyolegea haipigwi kwa nguvu. Inapelekwa motoni."

Akaichukua. Akawasha majani makavu, akaielekeza ngozi kwenye joto kwa mbali, akawa anaizungusha ili upande mmoja usikauke kuliko mwingine. Kila baada ya muda aligonga kwa kidole akasikiliza. Alinionya kwamba ukiisogeza karibu mno kwa haraka, ngozi hupasuka, na hapo hakuna dawa. Baada ya muda si mrefu tumba ikarudiwa na sauti yake. Ngozi ilikuwa ile ile na mikono ile ile.

Lakini hakunirudishia tumba yangu. Alinipa ngoma ndogo, akanionyesha pigo moja la mdumange, akasema nisilibadilishe mpaka aniambie. Nikajiona nimedharauliwa, mtu niliyepiga katika kumbi za Tanga! Haikupita robo saa nikawa nimepotea mara mbili, maana nilikuwa natia madoido pasipotakiwa. Wachezaji wakasimama wakinitazama. Hapo nikakumbuka lawama aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwaka 1962 alipounda wizara ya utamaduni, kwamba wasomi wetu wamefundishwa ngoma za kigeni na hawazijui za kwao. Mimi nilijua rumba na cha-cha-cha, na ngoma ya bibi yangu ikanishinda.

Nikainama, nikaanza upya. Ikanibidi nisikilize ngoma kubwa inasema nini, nitazame miguu ya wachezaji, nimtazame mzee usoni. Ilipokuwa karibu na alfajiri ndipo nilipotambua kwamba tangu jioni sikuwa nimefikiria kodi, wala uchovu, wala hamu yangu. Siwezi kuwaambia hamu ilirudi saa ngapi. Ilirudi wakati siitazami.

Ndugu Mwenyekiti, tangu siku ile nimeyafikiri sana mambo haya, na nimeyajaribu kwa wanafunzi wangu wa ngoma. Mpigaji anayekwama mara nyingi anadhani mikono yake imechoka. Kumbe yaliyochoka ni masikio. Ameacha kusikiliza kwa sababu hakuna jipya analolitegemea. Basi akijilazimisha kupiga yale yale kwa nguvu zaidi, ni kama mimi na tumba yangu katika ukungu. Na akikaa tu kungoja, ni kama mimi na turubai langu. Moto hapana budi uwashwe, na mwenye kuuwasha ni yeye mwenyewe. Nitataja kuni nne.

Kwanza, kubali kuwa mwanafunzi tena. Hili linawahusu hata mabingwa. Yuko mpiga drums wa Kanada, Neil Peart, aliyefariki mwaka 2020. Alijiunga na bendi ya Rush mwaka 1974, akasifiwa dunia nzima. Mwaka 1994, akiwa amekwisha kupiga na bendi ile kwa miaka ishirini, alisimamia santuri ya kumkumbuka Buddy Rich, na humo akamsikia mpigaji mwenzake, Steve Smith, akipiga kwa wepesi ambao hakuwa nao zamani. Akauliza siri yake. Akaambiwa kuna mwalimu mzee anaitwa Freddie Gruber. Peart akaenda kwa mzee huyo, akafundishwa upya namna ya kushika vijiti na kukaa kitini, akafanya mazoezi kila siku kama mtoto wa darasa la kwanza. Kama yeye hakuona haya, mimi na wewe ni nani? Usiye na mwalimu karibu, anza na mkono wako wa kushoto. Yale yote unayoyaanza kwa kulia, yaanze kwa kushoto, polepole. Utajua mara moja kwamba hujamaliza kujifunza.

Pili, punguza muda lakini usikose siku. Wataalamu waliowachunguza wanafunzi wa fidla mjini Berlin walitoa taarifa yao mwaka 1993. Waliona kwamba waliokuwa bora kuliko wenzao walifanya mazoezi zaidi wakiwa peke yao, lakini waliyagawa kwa vipindi, wakapumzika katikati, na walilala zaidi kuliko wale wa hali ya chini. Wewe chukua dakika ishirini, na jambo moja tu la kufanyia kazi. Mapumziko nayo ni haki ya mpigaji, ila yawe na mwisho unaojulikana. Sema, "Naacha kwa siku saba," na siku ya nane rudi. Mapumziko yasiyo na siku ya kurudi mimi nayajua. Yanaitwa turubai.

Tatu, pigia watu wanaocheza. Mpigaji aliyejifungia chumbani husikiliza makosa yake tu, mwisho anajichukia. Ngoma ni kazi ya kuinua miguu ya watu. Ukikwama, omba upewe ngoma ndogo katika kundi la wengine, ile inayoshika pigo moja bila kubadilika ili ngoma kubwa ipate kusema. Hapo hutaweza kujionyesha, utalazimika kusikiliza. Wazee wanasema mwamba ngoma huvutia kwake. Siku ile mimi nilipona kwa kuvutwa kwa wengine.

Nne, mfundishe mdogo wako. Unapomwonyesha mtoto pigo la kwanza, unalazimika kuliangalia upya pigo ambalo umelisahau kwa kulizoea. Na akilipata, utaziona zile furaha zako za madawati zikimwangaza usoni.

Sitaki kuwadanganya vijana kwamba kila anayechoka lazima aendelee. Wapo wanaoacha ngoma kwa haki, wakapata kazi nyingine wanayoipenda zaidi, nao wamefanya sawa. Lakini usiamue wakati ngozi imelegea. Ipashe kwanza, uisikilize sauti yake, kisha uamue.

Limebaki moja, nalo ni zito kwangu. Baada ya harusi ile nilitaka kwenda Tanga kuwaomba radhi wenzangu. Nikaahirisha mwezi kwa mwezi kwa sababu ya haya. Nilipokwenda bendi ilikuwa imevunjika, kila mtu na njia yake. Yule mpiga besi nilikuja kumwona miaka tisa baadaye, katika msiba wa mwalimu wetu. Nikamwambia, "Nilichoka, ndugu yangu, nikakuacheni." Akanijibu neno ambalo nimelibeba hadi leo: "Sikukasirika kwa kuwa ulichoka. Wote tulikuwa tumechoka. Nilikasirika kwa kuwa hukusema."

Mtu huyo amekaa safu ya pili, amevaa kofia. Msimtazame sana, ana haya kuliko mimi.

Basi, kijana uliyeniandikia, umekwisha kunizidi. Mimi nilichoka nikatoroka usiku wa sikukuu. Wewe umechoka ukasema, tena kabla ya siku yenyewe, ukamjulisha na Mwalimu wako. Jambo lililo gumu zaidi umekwisha kulifanya. Ndugu Mwalimu Mkuu, ninaomba kwa heshima zote umpunguzie uongozi kwa muhula mmoja, lakini usimtoe katika kundi. Apewe ngoma ndogo. Mwisho wa muhula aulizwe tena, na jibu lake, liwe lo lote, likubaliwe bila kinyongo.

Kwa upande wangu, Jumamosi za muhula huo nitakuwa hapa saa kumi jioni na tumba yangu ile ile. Rafiki yangu wa safu ya pili ameahidi kuja na gitaa lake, ingawa anasema vidole vimekuwa vigumu. Nimemwambia hapo ndipo mahali pa kuanzia. Vijana, tunachowaomba ni kuni tu na majani makavu. Joto la Mombo tunalo, lakini hatujui siku ile ukungu utashuka mpaka wapi.