Mji Usiofikiwa kwa Barabara

Leo nataka kuwapa habari za mji mdogo uitwao Churchill, ulioko kaskazini mwa Kanada, katika pwani ya Ghuba ya Hudson. Wakazi wake hawafiki elfu moja. Baadhi yao ni Wakri, Wadene na Wainuiti, wenyeji wa nchi zile tangu kale. Wengine ni watu wa asili ya Ulaya.

Nchi ile ni ya baridi kali mno. Maji ya ghuba huganda mwezi wa Novemba, wala barafu haiishi mpaka Juni au Julai. Kabla ya bahari kuganda, dubu weupe hukusanyika pwani, wakingoja barafu wapate kwenda kuwinda sili juu yake. Kwa hiyo ni desturi ya watu kutofunga kwa ufunguo milango ya magari yao, ili mpita njia akikutana na dubu apate mahali pa kukimbilia. Na dubu mkorofi hunaswa, hufungiwa katika jengo maalum, kisha huchukuliwa mbali kwa helikopta.

Basi, watu hawa hupataje chakula na mafuta? Hapana barabara itokayo mji mwingine kufika Churchill. Ziko njia tatu tu: meli wakati wa kiangazi, ndege, ambayo gharama yake ni kubwa, na reli. Reli ilifika hapo mwaka 1929, na mwaka 1931 bandari ilianza kupeleka ngano ng'ambo. Safari ya gari la moshi kutoka Winnipeg ni maili zipatazo 1,000, nayo huchukua karibu siku mbili. Sababu ya mwendo huo wa polepole ni ardhi yenyewe. Chini imeganda daima, lakini juu ni kinamasi. Barafu ya ardhini iyeyukapo, tuta hudidimia na reli hupinda. Mafundi hawana budi kuitengeneza kila mwaka.

Mwezi wa Mei 2017, baada ya theluji nyingi kuyeyuka, mafuriko yalikula tuta la reli mahali pengi. Gari la moshi likakoma kufika. Kampuni yenye reli ilisema haiwezi kulipa gharama za matengenezo. Serikali ikasema kazi hiyo ni wajibu wa kampuni. Huku wao wakishindana, mji ulingoja. Vyakula vililetwa kwa ndege, bei zikapanda, na jamaa kadha wa kadha wakahama. Gesi ya kupashia nyumba joto ililetwa kwa meli kabla bahari haijaganda. Kipupwe kilipofika, watu hodari walikokota shehena kutoka Gillam, mwisho wa reli iliyosalia, kwa mitambo ya minyororo ipitayo juu ya theluji.

Hali hiyo ilidumu miezi 17. Mwaka 2018 reli ilinunuliwa na kundi jipya, ambalo makabila ya wenyeji na miji ya kaskazini walikuwa na fungu ndani yake. Kazi ikaanza mara moja, na tarehe 31 Oktoba 2018 gari la moshi la kwanza la mizigo liliingia mjini. Tangu 2021 reli na bandari ni mali ya makabila na miji hiyo kabisa.

Yamkini mtu atauliza, "Kwa nini wasihame wote?" Jibu ni kwamba pale ni kwao. Wavuvi na wawindaji wanaijua nchi ile kama mkulima ajuavyo shamba lake, na wageni wengi huja kuwatazama dubu na nyangumi weupe. Kilichowapungukia si moyo, bali njia. Na njia haitoshi kujengwa mara moja tu, yataka mwenye kuitunza.

Nanyi wanafunzi, fungueni ramani ya Kanada, mwifuate reli ile kwa kidole mpaka baharini. Kwaherini.