Daktari, wewe una watoto wangapi?

MTANGAZAJI: Leo tuko na daktari wa watoto kutoka Kasese, magharibi mwa Uganda. Daktari, kipaza sauti ni chako.

DAKTARI: Asante sana. Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni Mkonzo. Nimetibu watoto kwa miaka mingi, kwanza Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, kisha Kasese mjini. Wengi wenu mlipita pale mkitoka Kasindi, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Labda mmoja wenu aliwahi kuniuliza swali ambalo huulizwa karibu kila wiki: "Daktari, wewe una watoto wangapi?"

Jibu langu ni hili: sina. Niliolewa, tukasubiri, watoto hawakuja. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, mama Masika, mama Mumbere. Mimi huitwa dokita tu. Hapo zamani swali hilo lilikuwa likinichoma. Nataka niwaeleze siku liliponifundisha kazi.

Alikuja mama mmoja kutoka upande wa Beni na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa Muhindo, na nyinyi Wanande mnajua kama sisi Wakonzo kwamba jina hilo hupewa anayezaliwa baada ya mtoto wa jinsia nyingine. Miguu yake ilikuwa imevimba, nywele zimepauka, hacheki, halii kwa nguvu. Ulikuwa utapiamlo mkali, ule ambao watu wa Kivu mnauita bwaki. Nikaagiza apewe maziwa ya dawa, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili, mchana na usiku.

Usiku yule mama akaniita. "Mwanangu ana njaa, na wewe unampimia maziwa kama dawa ya kikohozi. Una watoto wangapi?" Nikamwambia sina. Akasema, "Ndiyo maana. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Ndugu zangu, nilikasirika. Nilimjibu kwamba mimi nimesoma na yeye afuate maagizo. Nikageuka nikaenda zangu. Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu.

Siku ya tatu alirudi. Kule alikolala alimpa mtoto bugali na maharage mpaka akashiba, kama mama yeyote mwenye huruma angefanya. Tumbo likavimba, akaanza kuhara, mikono ikawa baridi. Tulihangaika naye siku nne. Mungu akajalia, akapona.

Je, kosa lilikuwa la nani? Nimefikiri sana, na nawaambia lilikuwa langu. Sikumweleza sababu. Mwili wa mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu umejizoeza kufanya kazi polepole: moyo, tumbo, ini, figo, vyote vimepunguza mwendo. Ukimjaza chakula kingi ghafla, moyo unaweza kushindwa, naye akafa akiwa ameshiba. Ndiyo maana tunaanza na kidogo, mara nyingi. Na usiku hatuachi, kwa sababu mtoto huyo akikaa saa nyingi bila kula, sukari ya mwilini hushuka na mwili hupoa. Baada ya siku chache, uvimbe ukianza kupungua na hamu ya kula ikirudi, ndipo tunaongeza. Maneno hayo ni ya dakika tatu. Nilimnyima yule mama dakika tatu kwa sababu ya hasira yangu mwenyewe.

Aliporudi nilimweleza, naye akanieleza lake. Muhindo alikuwa akikataa kikombe kwa manesi wote. Mama akasema, "Hanywi akiwa amelala chali. Mkalishe, mwimbie kwanza." Tukafanya hivyo, akanywa. Vitabu vyangu havikuwa na habari hiyo. Mimi nilijua ugonjwa, yeye alimjua mtoto. Tukikosa mmoja wetu, mtoto angekufa.

Yuko daktari mwingine wa watoto ninayependa kumkumbuka, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica. Hakuolewa, hakuzaa. Miaka ya 1930 alifanya kazi katika nchi ambayo leo inaitwa Ghana. Aliona watoto wenye miguu iliyovimba na ngozi inayobanduka, na wataalamu wengine waliutaja ugonjwa huo kwa majina yasiyo yake. Yeye aliwasikiliza wanawake wa kabila la Ga. Wao walikuwa na jina lake, kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Ndani ya jina hilo chanzo kilikuwa kimeshatajwa: mtoto ameachishwa ziwa mapema na uji mtupu umechukua nafasi yake. Mwaka 1935 aliandika jina hilo katika jarida la madaktari huko Uingereza, na hadi leo madaktari duniani hulitumia. Mwanamke asiye na mtoto aliwauliza wenye watoto, na watoto wengi wamefaidika.

Sasa nina maombi matatu kwenu.

La kwanza, uliza sababu. Mhudumu akikuambia fanya hivi, mwambie, "Nieleze kwa nini." Kuuliza si ujinga. Akikujibu vibaya kama nilivyojibu mimi, muulize mwingine, lakini usiondoke na mtoto usiku.

La pili, usingoje. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili ya mtoto, hesabu polepole mpaka tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vilevile kama utepe wa kupimia mkono unaonyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Na mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege, au aliyelegea na kulala bila kuamka vizuri, huyo asingoje hata saa moja.

La tatu ni kwa ajili ya wenzangu. Kambini wako shangazi, bibi, dada wakubwa na majirani wanaolea watoto ambao hawakuwazaa, kwa sababu vita iliwatenganisha na wazazi wao. Akija na mtoto kliniki, au akimkanya mtoto njiani, asiambiwe, "Wewe unajua nini, hukuzaa." Neno hilo humfanya mlezi anyamaze, na mlezi akinyamaza, anayeumia ni mtoto.

Methali ya yule mama ni ya kweli. Kuna uchungu ambao sijaujua, na sitajidai kuujua. Muhindo alipotoka hospitali, miguu imekauka na amebebwa mgongoni, mama yake hakuniambia kwamba mimi sasa ni mama. Alisema, "Dokita, wiki ijayo tunarudi kupimwa." Na wakarudi.



MTANGAZAJI: Wasikilizaji, zungumzeni katika vikundi vyenu: Je, mliwahi kupewa maagizo hospitalini bila kuelezwa sababu? Mlifanya nini? Na katika eneo lenu, ni nani anayelea mtoto asiye wake, na mnamsaidiaje?