Dereva Mwangalifu na Gharama ya Bima

Leo twazungumza na wenye magari na madereva wa Kiabakari na majirani zao wa Bunda, Butiama na Musoma. Tutaeleza jinsi bei ya bima inavyopatikana, na mazoea yanayomwezesha dereva kulipa kidogo.

Kwanza, bima ni nini? Ni mfuko wa pamoja. Wenye magari wengi hutia fedha, na yule anayepatwa na ajali hulipwa kutoka humo. Madai yakiwa mengi mfuko hupungua, na malipo ya wote hupanda.

Ziko bima za namna mbili ambazo yafaa uzijue. Ya kwanza ni bima ya mtu wa tatu, ambayo sheria ya Tanzania humlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Bima hiyo hulipia madhara uliyomfanyia mtu mwingine, kama vile mwenda kwa miguu uliyemgonga. Malipo yake hufuata zaidi aina ya chombo na kazi yake, kwa hiyo uangalifu wako hauipunguzi sana bei. Ya pili ni bima kubwa, ambayo hulipia na gari lako mwenyewe. Hapa ndipo dereva mwema aweza kupata faida.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme gari lako lina thamani ya shilingi 12,000,000, na kampuni yataka asilimia 3.5 ya thamani hiyo. Utalipa shilingi 420,000 kwa mwaka, bila kodi. Sasa, kampuni nyingi humpa punguzo mtu aliyemaliza mwaka bila kudai. Tuseme punguzo ni asilimia 20. Mwaka unaofuata utalipa shilingi 336,000, yaani umeokoa shilingi 84,000. Fedha hiyo ni msaada mkubwa nyumbani wakati wa kufungua shule.

Angalia tena upande wa pili. Umerudi nyuma bila kutazama, ukavunja taa kwenye nguzo. Matengenezo ni shilingi 200,000. Mkataba wako wasema kwamba katika kila ajali wewe hubeba shilingi 150,000 za kwanza. Kampuni itakulipa shilingi 50,000 tu, nawe utapoteza punguzo la shilingi 84,000. Umedai, na bado umepata hasara! Hizi ni hesabu za mfano. Muulize wakala wako za kwako. Lakini usifiche ajali. Toa taarifa kwa kampuni kama mkataba unavyosema, na mtu akiumia, polisi wajulishwe bila kukawia.

Basi, mazoea yenyewe ni yapi?

La kwanza ni mwendo. Barabara kuu ya Mwanza na Musoma yapita hapa Kiabakari, na pembeni yake kuna maduka, watoto wa shule na pikipiki za abiria. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde. Kwa kilomita 50, mita 14. Kabla mguu haujafika kwenye breki, sekunde moja imekwisha. Tena mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua huongezeka kwa asilimia 4. Kwa hiyo, penye makazi usizidi kilomita 50, kama sheria isemavyo.

La pili ni nafasi. Chagua mti au nguzo. Gari la mbele likiipita, hesabu pole pole: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Ukifika kwenye nguzo kabla ya kumaliza, umekaribia mno. Wakati wa mvua ongeza hesabu.

La tatu ni kupita gari jingine. Usipite penye kona, mlima au daraja. Tarehe 5 Septemba 2014, mabasi mawili yaligongana Sabasaba, katika wilaya ya Butiama, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hakuna bima inayoweza kumrudisha mzazi kwa wanawe.

La nne ni mifugo. Mkoa wetu una ng'ombe wengi, na jioni hurudi nyumbani kwa kuvuka barabara. Ukimwona ng'ombe mmoja, jua wengine wako nyuma yake. Punguza mwendo, wala usimtishe kwa honi.

La tano ni gari lenyewe. Kila asubuhi tazama matairi, taa, breki na maji. Andika matengenezo yote katika daftari, uweke na risiti. Siku ya kudai, daftari hilo litakuwa shahidi wako.

La sita ni kutimiza masharti. Ukiendesha umelewa au bila leseni halali, kampuni yaweza kukataa kulipa matengenezo ya gari lako. Vivyo hivyo ukikata bima ya gari la nyumbani, kisha ukabeba abiria wa nauli. Utakuwa umelipa mwaka mzima, na siku ya shida huna kitu.

Kabla ya kulipa mwaka ujao, uliza bei kwa kampuni zaidi ya moja. Tangu mwaka 1967, biashara ya bima ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa kwa miaka mingi. Leo kampuni ni nyingi, nazo husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Muulize wakala mambo matatu: nikimaliza mwaka bila kudai nitapata punguzo gani? Katika kila ajali nitabeba kiasi gani mwenyewe? Na ni mambo gani yatakayoninyima malipo? Majibu yaandikwe.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini madai ya dereva mmoja huongeza malipo ya wengine?
2. Ni sehemu zipi za barabara yetu zenye hatari zaidi jioni, na kwa nini?
3. Gari la thamani ya shilingi 8,000,000 likitozwa asilimia 3.5, malipo ni kiasi gani? Je, likipata punguzo la asilimia 20?

Ndugu msikilizaji, nawe msomaji, anza kesho asubuhi kwa kutazama matairi. Mwenda pole hajikwai. Kwaherini.